Sharti la Mlangoni

Siku hizi kila mlango wa nyumba hunusa pumzi. Mke au mume huweka sharti kwa sauti yake, na kila mwaka mlango humuuliza kama liendelee.

Sharti la Ndeshi lilikuwa moja: mumewe, Elisante, akinywa pombe, alale chumba cha uani. Huko kulikuwa na kitanda, blanketi na chakula kwenye hotpoti. Mwanzoni Elisante alibembeleza, akaimba, hata akatafuna vitunguu saumu ili kuficha harufu. Mlango haukufunguka, na Ndeshi, aliyecheka mpaka machozi kwa nyimbo zile, hakubadili neno.

Jumapili asubuhi mlango uliuliza. Elisante alikuwa mezani akimmiminia mkewe chai. Alikuwa na siku mia mbili na kumi bila pombe.

"Mama Upendo, uambie upumzike," alimwambia mkewe akitabasamu. "Umeninusa vya kutosha."

"Liendelee," Ndeshi aliuambia mlango.

"Kwani mlango huu umeuzaa wewe?"

"Nimeuzaa. Na baba yake ni wewe."

Wakacheka wote wawili. Kisha Elisante akakoroga chai yake kwa muda mrefu. Hakuwa ametia sukari.