Kunde za Nyuma ya Jiko

Tangu mbegu za kienyeji zipigwe marufuku, mashamba yalikaguliwa na droni. Atuganile, mwanafunzi wa teknolojia ya kilimo, aliifundisha droni yake kutambua majani ya kunde za kienyeji, na chuoni wakamsifu sana. Likizoni akairusha nyumbani ili mama yake aione. Ikazunguka, kisha ikasimama angani nyuma ya jiko, ikawaka taa nyekundu. Taarifa ilikwishafika wilayani, kwani kila droni iliunganishwa na ofisi ya wakaguzi. Kesho wangekuja kung'oa.

"Mbona imesimama kwenye kunde zangu?" mama aliuliza. "Si kama zile za wakaguzi?"

Atuganile hakuweza kumtazama. "Hapana, mama. Inapiga picha tu."

"Ungeniambia mapema, mwanangu!"

Mama akajifunga khanga vizuri, akasimama katikati ya kunde zake, akaitazama droni na kutabasamu.