Samaki wa Bernardo na Safari ya Kigwa

Kipimajoto kilikuwa kimepanda tena, na Nassibu alikwisha kuvaa kanzu ya harusi.

Alikunja mikono ya kanzu, akachovya magunia kwenye debe la maji, akalizungushia upya sanduku la kioo, kuanzia juu mpaka miguuni mwa meza ya chuma. Ndani yake samaki wa manjano walihema karibu na uso wa maji. Samaki wa baharini, Tabora, mwezi wa Oktoba! Hata yeye aliona ni kichekesho, ila kicheko hakikumjia.

Samaki hawakuwa wake. Walikuwa wa Bernardo, Mgoa aliyekuwa mkuu wa stesheni kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam. Aliwaacha kwa rafiki yake Nassibu, fundi saa, mpaka apate nyumba, na kila mwezi alituma debe la maji ya bahari kwa treni. Sharti lake lilikuwa moja: joto lisivuke alama nyekundu kwenye kipimajoto. Likivuka, samaki wanakufa. Nassibu aliipokea amana hiyo mbele ya mashahidi, na mtu wa Tabora mjini akishasema neno mbele ya mashahidi, basi amefungwa kamba.

"Si umwachie mkeo?" majirani walimuuliza.

Mwanajuma, mkewe, alikuwa na jibu. "Aliyeapa ni yeye. Wakinifia mikononi, nitamwambia nini Bernardo?"

Mwanajuma hakuwa mkorofi. Tangu mumewe alipomwambia anaoa mke wa pili huko Kigwa, hakununa wala hakurudi kwao. Kila siku ya safari aliamka mapema kuifukiza kanzu udi, nyumba nzima ikanukia. Nassibu alijiona mwanamume mwenye bahati kuliko wenzake wote wa mtaani.

Bahati gani, na Kigwa hafiki? Mara ya kwanza maji yalipanda joto akiwa mlangoni. Mara ya pili tiketi ilikuwa tayari mfukoni. Siku nyingine zote maji yalitulia tuli; akiigusa kanzu tu, yanachemka. Alianza kuamini kwamba samaki nao wana husuda.

Bibi harusi, mjane aitwaye Sikuzani, Nassibu hata hajawahi kumtia machoni. Posa ilipokelewa na kaka yake, Mabruki, mwenyekiti wa kijiji kipya cha ujamaa, mtu asiyependa kuulizwa mara mbili wala kumuuliza dada yake hata mara moja. Safari hii Mabruki alituma neno kali: Ijumaa hii Nassibu asipofika, asifike tena.

Treni ilikuwa karibu kuondoka. Nassibu alimwagia magunia maji, akapepea kwa ungo, akamwagia tena. Joto likaigusa alama nyekundu. Samaki mmoja akalala ubavu. Nassibu akiondoka, amekhini amana. Akibaki, amekosa mke.

"Mshika mawili moja humponyoka," Mwanajuma alisema kwa upole, akampangusa jasho shingoni.

Wakati huo muuza mkaa aliingia akielekea uani, khanga imemfunika uso hadi puani, kama kawaida yake kila ajapo kutoka Kigwa.

"Shikamoo, baba. Pole na kazi."

"Marahaba." Nassibu alimtazama, wazo likamjia. "Unarudi na treni hii?"

"Ndiyo, baba."

"Mwenyekiti Mabruki unamfahamu?"

"Namfahamu."

Nassibu alikitazama tena kipimajoto. "Mwambie nimeshindwa. Posa nimeiacha. Dada yake na aolewe na amtakaye."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mke wangu huyu hapa ni shahidi."

Machozi yalimlenga. Alichukua debe tupu, akatoka na kanzu yake ya harusi kwenda kisimani.

Mwanajuma alingoja mpaka aliposikia mlango wa nje umefungwa. Kisha akainua magunia. Chini ya meza jiko la mkaa lilikuwa limekolea moto, jekundu.

"Zima basi, dada," muuza mkaa alisema, akiiondoa khanga usoni. "Ameshasema mbele ya shahidi."

"Bado," Mwanajuma akajibu. "Nitazima ukishapanda treni, Sikuzani."