Kibao cha Verlene

Kwa jina la Mola, Hakimu asiyeteuliwa na mtu.

Bodi ya raia inayowasimamia polisi wa mji wetu katika jimbo la Ohio, Marekani, ina wajumbe watano. Wawili walitaka faili la askari aliyemuua kijana mmoja lifunguliwe, wawili walikataa. Kura ya Verlene, mjumbe wa tano, ndiyo iliyongojwa, na mama wa marehemu alikwisha kuketi mstari wa mbele.

Mezani, pale kibao cha jina la Verlene kiliposimama miaka tisa, palibaki alama isiyo na vumbi.

"Kibao changu kiko wapi?" Verlene akamuuliza karani.

"Meya kakutoa asubuhi, bibi. Kamweka shemeji wa mkuu wa polisi."

Verlene akaenda kuketi kando ya yule mama.

"Dada, mbona umekaa huku? Si wanapiga kura sasa?"

Verlene akamshika mkono.

Ya Rabi, wape subira waliobaki.