Dakika Ishirini za Kutembea

"Umuache alale! Unataka kuua kaka yangu na hizo sport zako?"

Odette alisimama mlangoni mwa chumba, mikono kiunoni, kama mlinzi wa ghala la Kanengo. Nyuma yake Télesphore alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni, saa mbili asubuhi, kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka imeshaamka.

"Wifi, toka kwa mulango," Mathilde alijibu kutoka kitini. "Baba Raïssa, amuka. Dakika makumi mbili tu. Kisha kusimama na kuikala mara kumi, njo basi."

"Mi nimechoka," Télesphore alinung'unika.

"Unasikia?" Odette akadakia. "Tangu hii kansa ingie mu nyumba, ona namna amekonda! Na we unamutembeza kwa barabara sawa mbuzi ya soko. Kwetu Bukavu, ugonjwa ikifika, bantu banapumuzika."

Mathilde alimtazama kama mtu anavyotazama mchele uliojaa mawe. Kupumzika! Mtaalamu wa viungo kule Lilongwe alisema wazi, tena mara mbili: saratani hii ya uboho hula mifupa, na kitanda huimalizia kazi. Kutembea kila siku. Kutobeba mizigo. Mgonjwa asitoke bila mtu wa kumshika mkono. Alhamisi mtaalamu angepima miguu. Ikikosa nguvu, dawa mpya ingesubiri. Leo ilikuwa Jumatano, na tangu Jumapili hawajatoka hata hatua moja.

"Bantu banacheka," Télesphore akasema. "Mwanaume muzima, kushikana mikono na bibi, kuhesabu hatua mpaka kanisani!"

"Bacheke. Kicheko haivunje mufupa."

Odette akaketi kitandani, akafunua bakuli la supu ya kuku aliyokuja nayo kutoka Lumbadzi, akaanza kumnywesha kaka yake kwa kijiko, akipuliza kwanza. Mtu wa miaka hamsini na moja alipanua mdomo kama kifaranga.

Basi. Mathilde hakubembeleza tena. Aligeukia dirisha, akamwita jirani.

"Bora! Vaa viato. Tunatoka sasa hivi."

Bora alitoka mbio. Alikuja na ndara zake, akanyoosha mkono.

Mathilde akashika ukuta, akainua taratibu mgongo wake ulioliwa na saratani, akasema "moja", na wanawake wawili wakashika njia. Kitandani, mume wake, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, akaomba chumvi.