Mfupa wa Pasikali

Daktari Elisante aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua toka juu hadi chini.

Pelagia alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, Pasikali, magongo mawili mkononi. Hakuitazama picha. Alimtazama daktari, maana picha hakujua kuisoma, ila nyuso alizijua. Karibu na mlango alikaa mama mkwe wake, Valeria, rozari ikimpita vidoleni.

Tangu pikipiki ya Pasikali ilipogongana na lori la mahindi nje ya Kibondo, mguu wake ndio uliokuwa maisha yao wote watatu. Hapa hospitalini Kasulu walimpasua paja, wakaunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu, wakamruhusu kurudi kijijini. Kisha kidonda kikaanza kutoa usaha. Aliporudishwa wodini, daktari hakuwaficha: usaha ukifika kwenye chuma, skrubu zitalegea, chuma kitatolewa, na kazi itaanza upya. Kama kutakuwa na kitu cha kuanzia.

Siku ile Pelagia alitoka nje akaishika nguzo ya baraza mpaka manesi wakamletea maji.

"Huyu anampenda mumewe," walinong'onezana.

Hakumwacha. Alimsafisha kidonda kama alivyoelekezwa, akamgeuza kitandani, akampikia dagaa na maharage kwa kuwa aliambiwa mfupa nao unakula. Na kila daktari alipopita, alimwuliza lile lile.

"Ataweza kutembea bila kushikwa? Ataweza kuchota maji, kujipikia?"

"Kujipikia?" Daktari alicheka. "Kwani, Pasikali, huna mke?"

Pelagia hakucheka. "Nataka apone kabisa, daktari. Asipone nusu."

"Chuma hakiponyi mtu, mama. Chenyewe kinashikilia tu. Unaoponya ni mfupa. Mfupa ukikikubali chuma, unaota pembeni yake na kukizingira, kama mti unavyomeza waya wa uzio. Ukikikataa, hakuna wa kuulazimisha."

Maneno hayo Pelagia alilala nayo, akaamka nayo. Alfajiri, wagonjwa wengine wakiwa bado usingizini, aliweka kiganja juu ya paja la mumewe kupima kama lina joto. Pasikali akidhani anabembelezwa, akafumba macho na kutabasamu.

Sasa daktari alishusha picha.

"Njoo uone, mama."

Pelagia akasogea. Kidole cha daktari kilifuata mstari mweupe wa chuma, kikasimama palipokuwa na ufa.

"Hapa palikuwa peusi. Unaona kama wingu? Huo ni mfupa mpya. Umevuka mpaka upande wa pili, na hizi skrubu umezibana. Chuma tutakiacha humo humo."

Alipompa picha aishike, macho yake yakatua kwenye mkono wa kushoto wa Pelagia, uliopinda kidogo chini ya kiwiko. Akaupapasa.

"Na huu uliungwa wapi?"

"Uliunga wenyewe."

"Alianguka kisimani," Pasikali alidakia, ingawa hakuulizwa.

Daktari aliwatazama wote wawili, akauachia mkono.

"Haya. Simama, Pasikali. Bila magongo."

Pasikali akajiinua, mguu mzima ukitangulia. Pelagia alikuwa ameushika mgongo wa kiti kwa nguvu. Pole pole mwanamume akahamishia uzito upande wenye chuma. Jasho likamtoka usoni, goti likatetemeka. Valeria akaacha kusali. Pelagia akaacha kupumua.

Mguu ukashika. Akapiga hatua, akapiga nyingine, akafika mlangoni, akageuka na kurudi peke yake.

Valeria alilia mbele ya watu bila haya. "Mwanangu, mke huyu umepewa na Mungu. Tangu ugongwe anabadilisha vitenge viwili tu, hivi hivi. Amejisahau kabisa."

Pasikali alimtazama mkewe. Alisema kwa sauti ndogo, ambayo haikuwa sauti yake ya zamani, "Pelagia, wema huu sitausahau."

"Usiusahau," alijibu, kisha akamgeukia daktari. "Kwa hiyo hahitaji tena mtu wa kumshika?"

"Anahitaji mazoezi tu. Mguu ni wake sasa."

Pelagia alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Aliegemeza magongo ukutani. Akampa mama mkwe mfuko wa dawa, akamwelekeza zipi za asubuhi na zipi za jioni, akarudia mara mbili mpaka akahakikisha ameelewa. Akamfunga Pasikali kamba za viatu.

"Ningojeni hapa," alisema. "Nikaangalie usafiri."

Stendi, basi la Kahama lilikuwa limeshawasha injini. Alipata kiti cha dirishani. Mwanamke wa kiti cha pili alivuta kikapu chake cha ndizi kumpisha.

"Mwakeye, mwenzangu," alimsalimu kwa Kiha. "Kahama yote hiyo unakwenda mikono mitupu?"

"Mzigo wangu ulitangulia," Pelagia alisema, akijifunga kitenge vizuri basi lilipoanza kuondoka. "Uko kwa dada yangu, tangu ile siku niliyoshuka njiani kwenye basi hili hili, nilipopigiwa simu kwamba mume wangu amegongwa."