Kitanda cha Dirishani

Namba kwenye mashine ilishuka tena. Kibandiko kilichokuwa tumboni mwa mtoto, kando ya mshono wa jana, kilipima oksijeni inayofika kwenye utumbo. Ikipungua hivi, utumbo unaanza kufa.

Muuguzi hakuhitaji kufundishwa hilo. Mwanawe alikufa hivyo hivyo, wodi hii hii, king'ora kikiwa kimezimwa kwa amri ya daktari mkuu.

Manesi walimwita mkuu huyo Bwana Kesho, akishawapa kisogo bila shaka, maana kila jambo kwake lilikuwa "tutaona kesho." Mtoto wa muuguzi hakuiona hiyo kesho. Mkuu akaapa kwamba hakupigiwa simu kabisa, na maneno ya muuguzi yakawa kelele za chura. Tangu hapo alimchukia kwa chuki isiyolala.

"Dada, mbona inalia?" mama wa mtoto aliuliza. Uso wake ulikuwa umemparama. "Hata wazee wangu sijawaambia tuko hapa, nisiwapandishe presha."

"Tulia, mdogo wangu." Majina ya wazee hao muuguzi alikwisha kuyasoma kwenye fomu ya kulazwa.

Muuguzi alifanya la kufanya, upesi, bila maneno mengi. Kisha akamkalisha mama kitini, akaweka simu mezani kati yao, akampigia Bwana Kesho nyumbani kwake. Malipo ni hapa hapa duniani, alijisemea.

"Mkuu, mtoto wa kitanda cha dirishani, utumbo haupati damu."

"Mashine hizo zinapiga kelele ovyo. Izime."

"Tusimfungue tena?"

"Leo Jumapili, nina wageni. Mpe dawa ya maumivu, tutaona kesho."

Hakuuliza jina la mtoto. Hakuwahi kuuliza.

"Mama yake nimwambieje?"

"Mwambie bado kijana, atazaa mwingine."

Ni maneno yale yale aliyoambiwa yeye. Muuguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kitanda kilikuwa kitupu. Mtoto alikwisha kuingizwa chumba cha upasuaji, mikononi mwa daktari wa zamu ambaye hakungoja ruhusa ya mtu. Sauti ya simu ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na mama alikuwa amesikia kila neno, ngumi mdomoni.

Muuguzi akamsogezea simu.

"Baba," alisema yule mama, "ni mimi. Huyo ni mjukuu wako."