Ini la Mtoto wa Mwisho

"Vuta pumzi, itoe yote, halafu usipumue," alisema Daktari Eteri.

Jumber alitii. Sindano ilipita katikati ya mbavu zake za kulia, ikatoka na kipande cha nyama chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Maumivu hayakubaki pale ilipochoma, yalimpanda begani. Daktari alikuwa amemwonya. Alimweleza yote bila kupamba: bega huuma, ini huweza kuvuja damu, mara chache sindano hutoboa pafu au kifuko cha nyongo, na mara chache zaidi mtu hufa. Ndiyo maana angelalia ubavu wa kulia, uzito wake wenyewe ukandamize jeraha, asigeuke mpaka aruhusiwe.

"Tunataka kujua ini lako lina hali gani," alisema daktari. Mengine Jumber alikwisha kuyasikia kwa mama yake.

Nazibrola alikuwa amemwita mwanawe ghalani, kwenye mitungi ya divai, akamwambia kwamba Vazha, mdogo wake, ana ini bovu. Kilihitajika kipande cha ini la ndugu. Ila Vazha asijue. Yeye ameambiwa ni mawe ya nyongo tu. Jumber hakushangaa. Kwao Kakheti mgonjwa haambiwi jina la ugonjwa wake. Jamaa ndio hulibeba, na daktari huombwa anyamaze.

Kilichomchoma kilikuwa kingine. Mtoto wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, hiyo ni mila. Lakini Vazha alipata nyumba, na shamba la mizabibu, na mkono wa mama kichwani kila apitapo. Kwa ajili yake Pasaka ilipita bila tone la divai mezani, Jumber akanyweshwa maji ya ndimu kama mtoto wa chekechea. Yeye mwenyewe siku hizo alikuwa akichoka kabla ya adhuhuri na kujikuna usiku kucha kwa sababu ya dawa ya kupulizia mizabibu, na hakumwona mtu wa kumpa pole. Sasa walitaka na ini lake.

Alikubali, lakini si bure. Alimfuata Vazha shambani, akamwambia analitaka shamba lote, na asiulize kwa nini.

Vazha alimtazama kidogo. "Chukua, kaka. Hicho ni kidogo."

Jumber aliondoka akimdharau. Mjinga, hata hajui anauziwa nini.

Sasa walilazwa chumba kimoja, kila mmoja keshachomwa sindano yake, wote ubavu wa kulia, na Jumber hakuwa na cha kutazama ila mgongo wa mdogo wake. Ng'ambo ya kitanda cha Vazha aliketi mama, akimpapasa nywele huku machozi yakimtiririka. Hata leo, aliwaza Jumber. Nimetobolewa kwa ajili yake, na anayepapaswa ni yeye.

"Mtoto wa mama," aliita, "umeshaletewa na uji?"

"Bado. Wewe huvuji?"

"Nikivuja, nani atajua?"

"Mimi. Nakusikiliza unavyopumua tangu asubuhi. Usigeuke, kaka."

Jumber aliona anafanyiwa dhihaka.

Jioni aliingia nesi wa zamu mpya, msichana mchangamfu ambaye hawakuwa wamemwona kabla. Alisimama katikati ya vitanda, akauliza Vazha ni yupi. Vazha akainua mkono.

"Majibu yako yametoka," alisema nesi.

Mama aliruka kutoka kitini, akamshika nesi mkono, akaanza kumvuta kuelekea mlangoni. Waongee nje, alimsihi, waongee nje kwanza. Jumber aliona bado analindwa yule yule. Akawaza kwamba Vazha atapona kwa ini la kaka yake na kuzeeka akidhani alitolewa mawe ya nyongo, wala hatamshukuru mtu.

"Mwache aseme, mama," alisema. "Ni haki ya mgonjwa kujua."

"Kaka, hapana," alisema Vazha.

"Sema, dada."

Nesi aliwatazama wote watatu, akatabasamu.

"Mbona ni habari njema? Profesa amekitazama kipande chako, Vazha, ini lako halina doa. Unaweza kumpa kaka yako."